Ni Kansa ama Si Kansa?

Familia yangu ilitaka neno moja tu. Kama ni kansa, harambee ingeanza jioni hiyo hiyo. Kama si kansa, tungemshukuru Mungu na maisha yaendelee. Lakini ripoti yangu ya maabara ilileta jibu la tatu, ambalo kwenye grupu ya WhatsApp hakuna aliyekuwa na maneno yake: uvimbe wa mpakani, ovari ya kushoto.

Hilo si jibu la daktari anayebabaisha. Ni ugonjwa wenye kundi lake. Seli za uvimbe huu huzaana kupita kiasi na sura yake imebadilika, lakini hazijapenya kuingia ndani ya nyama ya ovari, jinsi saratani kamili inavyofanya. Daktari Mmarekani, Howard Taylor, aliueleza mwaka 1929. Ilichukua hadi 1971 kwa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, kuupa nafasi yake. Karibu theluthi moja ya wanaoupata hawajafika miaka 40. Ukipatikana ukiwa bado kwenye ovari tu, zaidi ya wanawake 95 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baadaye. Ila unaweza kurudi, hata baada ya miaka mingi, na mara chache hurudi ukiwa saratani.

Wangu ulijificha nyuma ya endometriosi. Huu ni ule ugonjwa ambapo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake. Mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa anao. Wakenya wengi walilijua jina hilo kupitia Njambi Koikai, mtangazaji wa reggae aliyefariki Juni 2024. Kwake ugonjwa ulifika hadi kifuani. Kwangu ulikaa kwenye ovari, ukatengeneza kifuko cha damu iliyozeeka, rangi ya chokoleti. Na mimi, kama wasichana wengi, niliambiwa ati ni uchungu wa kawaida, utaisha nikizaa.

Uhusiano wa magonjwa haya mawili haukugunduliwa jana. Mwaka 1925 John Sampson alieleza saratani ya ovari iliyoota kutoka kwenye endometriosi. Leo tunajua baadhi ya uvimbe wa mpakani, hasa ule unaoitwa siromyusinasi, mara nyingi hukutwa pamoja nayo. Aina nyingine hazina ukaribu huo. Inadhaniwa kwamba damu inayovujia mahali pamoja kila mwezi huacha madini ya chuma na uvimbe-joto, na polepole jeni za seli zinaharibika. Lakini tusitishane: wengi mno wenye endometriosi hawatawahi kupata uvimbe huu wala saratani.

Shida ni kuutambua. Kipimo cha damu cha CA-125 hupanda kwa sababu ya endometriosi yenyewe, kwa hivyo hakiwezi kukata kesi. Ultrasaundi hukisia. Anayeamua ni mtu wa maabara, uvimbe wenyewe ukiwa chini ya hadubini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Miaka miwili kabla, katika hospitali nyingine, nilitolewa kifuko upande huo huo. Nilipoenda kuomba ripoti ili daktari wangu mpya alinganishe, niliambiwa hakikupelekwa maabara. "Kilikuwa cha kawaida tu, dada." Kilitupwa. Sasa hakuna atakayejua kama uvimbe huu ni mpya, ama ulirudi.

Na jibu hilo lilikuwa na uzito. Nina miaka 28 na nataka mtoto. Ovari moja imetolewa. Ya pili na mji wa mimba vimebaki. Daktari alinieleza wazi kwamba kubaki navyo kunaongeza uwezekano wa uvimbe kurudi, ingawa ukirudi mara nyingi huwa wa mpakani tena na hutolewa. Nilikubali. Kila miezi sita naenda skani.

Dada yangu, uchungu unaokulaza kitandani kila mwezi si sehemu ya kuwa mwanamke. Na ukitolewa chochote mwilini, uliza kimepelekwa maabara gani, kisha ufuate ile karatasi mpaka uishike mkononi.