Nyuzi 63 kutoka Ujiji

Jumamosi, 16 Machi 2024

King'amuzi cha Azam kimefika na kiko mezani, bado ndani ya nailoni yake. Dishi lake la sentimita 90 nimeliegesha barazani. Nimekinunua kwa ajili ya kaka. Tangu mguu wake wa kulia umkatalie, hawezi kwenda kibanda umiza cha sokoni, na kubebwa hataki. Mwezi huu si wa kumwacha asimuliwe mpira na watoto. Simba na Yanga zote mbili zimeingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, jambo ambalo sisi wazee hatujapata kuliona. Simba na Al Ahly tarehe 29, Yanga na Mamelodi Sundowns tarehe 30, zote Dar es Salaam kwa Mkapa. Kaka ni Yanga tangu siku za redio ya mbao. Fundi atakuja kesho baada ya swala ya adhuhuri.

Jumapili, 17 Machi

Fundi ni kijana mwenye adabu, mkono wake mwepesi, ufundi ameupatia Dar. "Shikamoo Mwalimu," kisha hakupoteza muda. Dira ya simu ilimpa magharibi, ikipinda kidogo kaskazini, yaani juu ya ziwa na milima ya Congo. Hapo alikuwa sawa. Kwenye mwinuko akaweka nyuzi 52, akafunga boliti, akawasha.

Skrini ikaonyesha mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Nguvu ilikuwa juu na wajukuu wakapiga makofi. Ubora ulikuwa sifuri. Nimewaeleza wanielewe: ule mstari wa nguvu unapanda hata dishi likitazama mbingu tupu, maana LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, yenyewe ina kelele zake, na king'amuzi kinapima kelele na ujumbe kwa pamoja. Ubora ndio unaosema kama kimeutambua ujumbe. Akazungusha kushoto na kulia mpaka futari ikakaribia. Sifuri.

Usiku nimeketi na kikokotoo. Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta, kilomita 35,786 kwenda juu. Mtu akishuka kutoka pale moja kwa moja angeangukia baharini karibu na São Tomé, upande wa pili wa Afrika. Dar iko nyuzi 39 na kitu mashariki. Sisi tuko chini kidogo ya 30. Tumeikaribia kuliko wao, kwa hiyo kwetu lazima iwe juu zaidi angani. Nimepiga hesabu, nikairudia kwa njia nyingine. Kwa Dar inatoka 52, ile ile ya fundi. Kwa Ujiji ni 63. Nyuzi 11 ni nyingi mno. Dishi la ukubwa huu likikosea nyuzi 2 tu halioni kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Tumeweka 63. Ubora umeruka papo hapo, na sura ya mtangazaji ikatokea, ikakatika, ikarudi vipande vipande. Fundi alinitazama kwa furaha ambayo nimeizoea darasani, ya mwanafunzi aliyeona hesabu imekubali.

Kukatika kunatokana na mwembe. Upepo wa ziwa ukivuma, tawi kubwa linapita mbele ya dishi, na majani mabichi yenye maji ndani yake yanayameza mawimbi haya. Jirani akapendekeza tulikate. Nimekataa, na kaka kutoka dirishani amekataa kwa sauti kubwa zaidi. Miembe ya Ujiji ni mizee kuliko nyumba zetu. Chini ya mmoja wao, tunavyosimuliwa, Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na hii iliyopo leo penye ukumbusho ni vipandikizi vya mti ule. Atakayehama ni dishi.

Jumanne, 19 Machi

Swali la leo ni lihamie wapi. Mtu hawezi kuchimba shimo, kumwaga zege, kisha ndipo agundue tawi jingine. Lakini tumebahatika na majira. Siku hizi za Machi, na tena katika Septemba, jua linapita juu ya ikweta, na kila alasiri linakatiza karibu na pale pale setilaiti ilipo. Kwa hapa kwetu ni dakika chache kabla ya saa tisa. Basi kipande cha ua chenye jua wakati huo kinaiona setilaiti, na penye kivuli haionekani. Mti wenyewe unachora ramani yake chini.

Saa tisa kasoro dakika sita nimesimama uani na majivu ya jikoni, nikazungushia mpaka wa kivuli. Kona ya kusini, karibu na karo, iko wazi kabisa, na nimeacha nafasi ya matawi kukua. Mke wangu alikuwa na wasiwasi juu ya kamba zake za kuanikia, tukakubaliana kuzisogeza.

Jumatano, 20 Machi

Bomba la chuma limesimama. Fundi alitaka kulikadiria kwa jicho, nikatoa timazi. Bomba likiinama hata kidogo, namba zilizochorwa kwenye mkono wa dishi zinakuwa za uongo, na ukilizungusha kutafuta mwelekeo, mwinuko nao unabadilika bila kukuambia. Zege limwagiwe maji, lisiguswe mpaka kesho jioni.

Alhamisi, 21 Machi

Picha imekaa. Hata hivyo karibu nusu ya chaneli hazipo. Hapa fundi amenionyesha kitu. King'amuzi hupeleka umeme mdogo juu ya waya ule ule unaoleta picha: volti 13 kuiagiza LNB ichukue mawimbi yaliyosimama, volti 18 ichukue yaliyolala. Alipima mwisho wa waya. Kumi na tatu zilifika, kumi na nane zilififia njiani, kwa hiyo LNB ilikuwa ikisikia agizo moja tu. Kosa lilikuwa kwenye kiungo, pale vipande viwili vya waya viliposokotwa kwa mkono na kufungwa utepe. Tumeutoa wote tukavuta waya mmoja mzima kutoka dishini hadi chumba cha kaka, koneta mpya kila upande, na kabla haujaingia dirishani tumeuacha ulegee kidogo ili maji ya mvua yadondoke pale, yasifuate waya mpaka ndani. Chaneli zote zimerudi.

Ijumaa, 22 Machi

Nimerudi msikitini nikakaa uani kusubiri. Kwa hesabu yangu leo ndiyo siku jua linapita nyuma ya setilaiti barabara. Ilipokaribia saa tisa, mwanga uliorudishwa na sahani ukakusanyika usoni mwa LNB, ukang'aa hasa. Ndani kaka akaita: "Mdogo wangu, imekata!" Ubora ulikuwa umeshuka mpaka chini. Jua nalo hutoa mawimbi ya redio, na likisimama nyuma ya setilaiti linaifunika sauti yake. Baada ya dakika chache picha ikarudi yenyewe.

Fundi alitaka kupanda kukaza boliti. Nimemzuia. Kukatika kwa leo ni ushahidi kwamba dishi limelenga panapotakiwa, na hakuna kipimo cha dukani kinachoweza kutuhakikishia zaidi. Itatokea tena kwa siku chache, dakika chache, kisha mpaka mwezi wa tisa.

Jumapili, 24 Machi

Jambo la kuandika kwa ajili ya wajukuu. Jana jioni adhana ya magharibi ilitoka kwenye televisheni, na mdogo kabisa akanyoosha mkono kwenye tende. Shangazi yake akamshika. Ile ilikuwa adhana ya Dar. Huko jua linazama karibu dakika 40 kabla ya kwetu, na saa ya ukutani ni moja nchi nzima. Sisi tunafuturu kwa jua la Ujiji na kwa muadhini wetu.

Tulipokuwa wadogo hili halikuwepo. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994, na redio ya baba ilishika Bujumbura vizuri kuliko Dar. Muziki wa ng'ambo ya ziwa tuliujua kabla ya kuzijua habari za makao makuu yetu wenyewe. Najali sana kwamba watoto hawa sasa wanaiona nchi yao ikisema nao kwa Kiswahili chumbani mwao. Ndiyo sababu nataka wajue pia walipo juu ya ramani yake.

Jumatano, 27 Machi

Mvua, na ndiyo niliyokuwa nikiingoja. Picha ilianza kuvunjika wakati ua bado ni mkavu. Wingu lilikuwa juu ya ziwa. Mawimbi yanatujia kutoka huko yakipita ndani ya mvua kwa kilomita kadhaa za mwisho, kwa hiyo tone linalotukatia huenda limeangukia mitumbwi. Ilikata kwa muda wa mvua kubwa tu. Ya wastani inapita nayo, ubora ukishuka kiasi bila picha kugusika. Kwa dishi la ukubwa huu hiyo ni hali njema.

Nimeipaka koneta ya LNB grisi na kuivisha mpira wa baiskeli.

Jumamosi, 30 Machi

Jana Simba ilifungwa 1–0. Leo Yanga imetoka 0–0 na Sundowns. Chumba cha kaka kilijaa, wengine wakasimama dirishani. Picha haikutikisika kwa mechi zote mbili. Kaka alikaa wima kwenye mto tangu mwanzo hadi filimbi ya mwisho, akimfokea mwamuzi kama mtu mwenye miguu yote miwili.

Jumatatu, 1 Aprili

Fundi amekuja kuchukua ngazi yake. Ameomba hesabu za miji mingine, nikamwandikia kwa mpangilio wa reli ya kati, maana kadiri treni inavyokwenda magharibi ndivyo setilaiti ile inavyopanda angani: Dar es Salaam 52, Dodoma 56, Tabora 59, Kigoma 63. Ana kazi Mpanda wiki hii. Ya huko ni 61, nayo ameiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kipimo chake. Nimemwambia achukue na timazi yangu.