Nilijifunza Baiskeli Nikiwa na Miaka 43

Mwaka 2019 nilikuwa na umri wa miaka 43, mama wa watoto watatu na mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Sikuwa nimewahi kupanda baiskeli hata siku moja. Huenda wengine watashangaa, maana Tanga ni mji wa baiskeli. Sehemu kubwa ya mji ni tambarare, na tangu zamani watu wamekuwa wakienda kazini na sokoni kwa baiskeli. Lakini mimi nilizaliwa na kukulia Lushoto, kwenye miteremko ya milima ya Usambara. Kijijini kwetu baiskeli zilikuwa chache, na hizo chache zilikuwa za wanaume. Msichana alijitwika mzigo wake kichwani akatembea.

Napenda kuwasimulia akina mama wenzangu jinsi nilivyoanza, kwa sababu najua wako wengi walio mahali nilipokuwa mimi.

Nauli ilivyotubana

Januari mwaka huo binti yetu wa kwanza alitakiwa kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Tulishukuru kwamba amefaulu, lakini orodha ya mahitaji ilikuwa ndefu: godoro, tranka, ndoo, sare, viatu na madaftari. Mume wangu ni kibarua bandarini, na miezi ile kazi ilikuwa ya kubahatisha. Mshahara wangu ndio uliotegemewa na nyumba nzima.

Kutoka nyumbani kwetu hadi shuleni ni kama kilomita 5. Kwa daladala ilinibidi nipande mbili, na mara nyingi nilifika kengele imeshapigwa. Mwalimu mkuu alikuwa amenionya mara mbili. Kwa hiyo nikawa napanda bodaboda, shilingi 1,500 kwenda na shilingi 1,500 kurudi.

Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, tulikaa na karatasi tukapiga hesabu. Kwa siku 22 za kazi, nauli yangu ilikuwa shilingi 66,000 kwa mwezi. Mume wangu aliitazama ile namba kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama watoto, hili ni godoro."

Nilijaribu kutembea kwa miguu kwa wiki mbili. Nilifika darasani nimelowa jasho na nimechoka kabla ya kipindi cha kwanza, na jioni nilirudi nyumbani giza likiingia. Ndipo fundi baiskeli wa mtaani kwetu aliponiambia kwamba anayo moja ya mtumba kutoka Japani, ya kike, yaani isiyo na chuma cha juu, yenye kikapu mbele na karia nyuma. Bei yake ilikuwa shilingi 200,000, karibu sawa na nauli yangu ya miezi mitatu. Nikachukua mkopo wa kikoba nikainunua. Ilikaa ukumbini siku nne bila kuguswa. Nilikuwa nikipita kando yake kama mtu anayempita mdai wake.

Mwalimu wangu wa miaka 12

Aliyenifundisha ni mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka 12. Tulikwenda uwanja wa mpira Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Kwanza alishusha kiti mpaka nyayo zangu zote mbili zikakanyaga chini. Halafu akanikataza kugusa pedali.

"Sukuma kwa miguu tu, Mama. Kwanza uizoee."

Nilisukuma kutoka goli hadi goli, kama mtoto anayesota. Baadaye akaniambia ninyanyue miguu kidogo niiache baiskeli itiririke yenyewe. Jumamosi ya tatu ndipo nilipoanza kunyonga. Shida yangu kubwa ilikuwa macho. Nililikodolea macho gurudumu la mbele, na kila nilipolikodolea nilipepesuka nikaanguka.

"Mama, usiangalie tairi," mwanangu alisema. "Angalia unakokwenda."

Nilipoinua macho nikalitazama goli la upande wa pili, baiskeli ilinyooka. Nilicheka kwa sauti peke yangu uwanjani, mama mzima, magoti yamechubuka.

Watu watasema nini?

Mama mkwe wangu anaishi nasi. Ni mama mwema, lakini jambo hili halikumpendeza. Siku moja jioni alisema mbele yetu sote, "Mke wa mtu juu ya baiskeli! Watu watasema mwanangu ameshindwa kumtunza mkewe."

Niliinamisha kichwa nikaendelea kuchambua mchele. Mume wangu ndiye aliyejibu, kwa upole, "Mama, hao watu hawamlipii nauli." Kesho yake alfajiri nilimkuta uani na pampu, anajaza upepo. Tangu siku hiyo, asubuhi anayokuwepo nyumbani, kazi ya pampu ni yake.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba maneno ya mama mkwe hayakunichoma. Wiki ya kwanza kila nilipopita kijiweni moyo ulinidunda. Nilivaa suruali nyepesi chini ya gauni, na pindo la gauni nililifunga kwa pini lisinaswe na gurudumu. Kwenye kiplefti nilishuka nikaisukuma baiskeli kwa mkono. Siku ya kwanza nilitumia dakika 45. Nilifika kabla ya kengele, na nauli yangu ilikuwa bado mkobani.

Siku niliyoanguka

Wiki ya tatu kulikuwa na manyunyu. Njia yangu inakatiza reli, ile iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani. Mahali hapo barabara haikutani na reli sawasawa, inaikata kwa mshazari. Sikujua hatari yake. Gurudumu la mbele likateleza kwenye chuma kilicholowa, likaingia katika upenyo kando ya reli, nami nikaruka nikaangukia kiwiko. Madaftari ya darasa la tatu, niliyokuwa nimeyasahihisha usiku kucha, yakatawanyika matopeni.

Wanafunzi waliokuwa wakienda shule waliniona. Baadhi walicheka, kama watoto wanavyocheka. Mmoja alikuja mbio, akaanza kuokota madaftari na kuyafuta kwa shati lake moja baada ya jingine. "Pole, Mwalimu," alisema.

Nilimfahamu vizuri mtoto yule. Alikuwa wa darasani kwangu, na alikuwa hajui kusoma. Kila nilipomsimamisha asome alishika herufi moja moja kwa kidole, akakwama, na darasa likacheka. Nami nilikuwa nikimwambia, "Rudia!" kwa sauti kali. Juma lililotangulia nilikuwa nimemwita mzito mbele ya wenzake.

Asubuhi ile sikuweza kumtazama usoni. Kiwiko kiliuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kukumbuka kwamba mwanangu, katika Jumamosi zote zile na maanguko yote yale, hakuniita mzito hata mara moja. Alishusha kiti. Alininyang'anya pedali mpaka nilipokuwa tayari. Mimi mwenye cheti cha ualimu sikuwa nimemfanyia hivyo mtoto wa watu.

Kuanzia wiki hiyo nilibaki na yule mtoto dakika 20 baada ya masomo, siku tatu kwa juma. Tulirudi kwenye silabi. Niliweka karatasi juu ya mstari ili kidole chake kisikwame kwenye herufi moja, macho yaende mbele yaone neno zima. Nilikuwa na nafasi hiyo kwa kuwa sikuwa tena mtumwa wa bodaboda. Kufikia Novemba alisoma ukurasa mzima mbele ya darasa, polepole, na hakuna aliyecheka.

Kwa anayetaka kuanza

Niliyojifunza kwa maumivu ningependa mwenzangu ayapate bila maumivu. Jifunzie uwanjani, siyo barabarani. Shusha kiti kwanza, utakipandisha ukishazoea. Ukivuka reli, ivuke kwa kuikata moja kwa moja. Kama barabara imekaa mshazari, shuka usukume, hasa wakati wa mvua. Pita upande wa kushoto, lakini usijibanze kabisa ukingoni kwenye mchanga, maana utateleza. Ukipita kando ya magari yaliyoegeshwa acha nafasi, kwani mlango unaweza kufunguliwa ghafla. Kabla ya kutoka bonyeza tairi na jaribu breki zote mbili. Mzigo ufunge kwenye karia, usiuning'inize kwenye usukani. Vaa kofia ngumu ukiipata, na nguo ya rangi inayoonekana. Kabla ya kwenda kazini kwa mara ya kwanza, ipitie njia yako siku ya mapumziko, barabara ikiwa tupu.

Na usiseme umri umepita. Baadaye nilisoma habari za Frances Willard, Mmarekani aliyeongoza chama cha wanawake Wakristo cha kupinga ulevi. Alijifunza baiskeli akiwa na miaka 53, akaipa baiskeli yake jina la Gladys, na mwaka 1895 akatoa kitabu kidogo juu ya mafunzo yake. Nilipoijua habari hiyo nilijiona msichana.

Mkopo wa kikoba niliumaliza kwa wakati. Binti yetu alimaliza kidato cha nne mwaka 2022. Baiskeli ninayo hadi leo. Nimebadilisha tairi mara tatu na mnyororo mara moja, na kilomita zile 5 nazimaliza kwa dakika 25.

Mama mkwe hakuwahi kusema kwamba amebadili mawazo. Lakini Jumamosi moja, nikijiandaa kwenda sokoni, alitoka chumbani akakizunguka kikapu cha mbele, akakitikisa kwa mkono, akaniuliza, "Hiki kinabeba kilo ngapi, mwanangu?"

"Tano, Mama, kwa usalama."

"Basi niletee unga kilo tano. Na usipite relini ukiwa umepanda."