Batsinda: Vita ya Magugu Nyuma ya Nyumba

Gari litokalo kituo cha Nyabugogo kwenda upande wa kaskazini wa Kigali hupanda na kushuka mfululizo, hata abiria mgeni akachoka kuhesabu vilima. Mwisho wa safari mojawapo ni Batsinda, mtaa ulio katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Kwa Kinyarwanda neno hilo lasikika kama kusema "wanashinda", na si ajabu mgeni ajuaye lugha kidogo akauliza: wanamshinda nani?

Wengi wa wenyeji wake wa sasa hawakuzaliwa hapo. Mwaka 2008 wakazi wa Kiyovu cy'Abakene, yaani Kiyovu ya maskini, mtaa uliokuwa karibu kabisa na kitovu cha mji, waliondolewa ili ardhi ile ipate majengo mapya, na baadhi yao wakahamia Batsinda katika nyumba za matofali ya udongo ulioshindiliwa. Nyumba hizo zilikuwa imara kuliko vibanda walivyoviacha. Lakini watu waliozoea kwenda kwa miguu kwenye vibarua na biashara zao ndogo ndogo walijikuta mbali na riziki, nauli ikidaiwa asubuhi na jioni. Fedha iliyokuwa ya mboga ikawa ya gari. Mtu wa hali hiyo hana budi kukitazama kwa jicho jingine kipande cha ardhi kilicho nyuma ya nyumba yake.

Wanyarwanda huiita bustani ya namna hiyo akarima k'igikoni, kishamba cha jikoni, na serikali yao imehimiza kila nyumba iwe nacho ili kupambana na utapiamlo wa watoto. Humo huota dodo, ambayo ni mchicha. Isogi, ambayo kwa Kiswahili ni mgagani. Tena vitunguu, karoti na kabichi. Askari na polisi wakaao katika kota wanaifahamu vema bustani ya aina hii: hatua kumi kwa sita, mkulima ni mama, na baba yuko lindoni au safari ya mbali.

Adui wa bustani hiyo huja na mvua. Kigali hupata mvua mara mbili kwa mwaka, umuhindo wa Septemba hadi Desemba na itumba ya Machi hadi Mei, na mara zote mbili magugu huitangulia mboga. Karoti yaweza kukaa wiki mbili udongoni kabla ya kuchomoza; kishona-nguo hakingoji. Linalotisha zaidi ni sangari, ambalo huko huitwa urwiri. Mashina yake hutambaa chini ya udongo, na kila kipande kinachokatwa na jembe huota kuwa gugu jipya, hata mwenye kulima kwa hasira akawa ndiye mwenye kulipanda.

Mwenye haraka hukimbilia dawa ya dukani. Hapo yafaa kusimama kidogo. Parakwati, dawa iliyopigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2007, haina kiondoa sumu kinachojulikana, na funda moja tu laweza kumwua mtu mzima. Mahali ambapo mchicha umo hatua mbili kutoka mlango wa jikoni, watoto wanacheza kandokando, na dawa imenunuliwa kwa kipimo katika chupa ya soda, swali la kuua magugu kwa mimea si swali la anasa hata kidogo.

Dawa za mimea zipo. Siki ni mojawapo. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walionyesha mwaka 2002 kwamba siki ya kawaida, yenye asidi kiasi cha asilimia 5, huyaunguza magugu machanga yasiyozidi wiki mbili. Yaliyokomaa huhitaji siki kali zaidi, ambayo nayo yaweza kumuunguza macho anyunyizaye. Mafuta ya karafuu, ambayo kule Pemba hutengenezwa kutokana na makonyo katika kiwanda cha Wawi, nayo hutumika ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo. Ipo pia asidi ya pelagoniki, iliyopewa jina la ua la pelagoniamu.

Zote tatu zina ila. Huunguza jani lolote zinaloligusa, liwe la gugu au la mchicha, wala hazifiki mzizini. Sangari lililonyauka leo litachipuka tena baada ya siku chache. Mafuta yana bei ambayo bustani ya hatua kumi haiwezi kuirudisha. Na wale wanaotia chumvi katika siki ili ipate ukali wanajidhulumu wenyewe, maana chumvi hubaki udongoni, na bustani ndogo haina pa kuhamia.

Mmea wenye faida zaidi kwa mama wa Batsinda ni ule anaoujua tangu utotoni, nao ni mtama. Amasaka, kama uitwavyo huko, ni nafaka ya kale ya Rwanda, ya uji na ya pombe ya ikigage, nayo ina heshima yake katika sherehe ya mavuno ya Umuganura. Mizizi yake hutoa utomvu wa mafuta uitwao sorgoleoni, ambao huzuia mimea midogo iliyo jirani isiweze kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mabua na majani nayo yana asidi zinazodumaza mbegu. Huko Pakistan wataalamu waliyaloweka mabua ya mtama kwa siku moja, wakayachuja maji yake na kuyanyunyizia mashamba ya ngano. Magugu yalipungua, ingawa hayakwisha.

Wala si lazima kununua bomba la kunyunyizia. Mabua yale yale, yakikatwakatwa na kutandazwa unene wa vidole vinne au zaidi kati ya mistari ya mboga, hulinyima gugu jua. Mvua nayo huyaloweka polepole na kuiteremsha dawa yake papo hapo. Wanyarwanda wana neno lao la kazi hii, gusasira, na katika migomba na kahawa wameizoea siku nyingi. La kuangaliwa ni wakati. Kinachodumaza mbegu ya kishona-nguo hudumaza mbegu ya karoti pia. Basi mabua yawekwe baada ya miche ya kabichi au vitunguu kushika, kamwe si juu ya tuta lililosiwa jana. Majani ya mkaratusi, uliojaa kwenye vilima vya nchi ile, heri yaachwe huko huko, kwani nayo yana mafuta yanayozuia mimea mingine kuota.

Sangari halishindwi kwa mabua peke yake. Mama mtu mzima amwonapo jirani kijana akilimwagia siki humwambia:

"Hiyo siki iweke kwa kachumbari, mwanangu. Urwiri huchimbuliwa."

"Mgongo waniuma, mama."

"Basi chimbua leo kidogo, kesho kidogo. Ila usikate."

Baada ya mvua, udongo ungali laini, sangari hufuatwa kwa mkono na uma wa shamba mpaka lifike mwisho wake, likatolewa zima. Halitupwi kando ya tuta, kwa kuwa likilala penye unyevu litafufuka. Huanikwa juu ya bati au jiwe la moto siku kadhaa, mpaka likivunjwa litoe mlio wa kuni kavu.