Neno "Ikiwa" Kinywani mwa Mtoto

Mwezi huu twawaletea habari ya nyumbani mwetu wenyewe, ingawa yatutia haya kidogo. Sisi tu mume na mke, na wote wawili tumefundisha shule miaka mingi, hata tukadhani twajua vema jinsi mtoto anavyofikiri.

Tulikuwa na sheria moja: yeyote atakayefika baada ya chakula kupakuliwa, ndiye atakayeosha vyombo. Sheria hii tuliitunga sisi, tukaitangaza mbele ya watoto wote. Basi jioni moja baba wa nyumba alikawia njiani akiongea na jirani, akafika watu wameshaanza kula. Mwana wetu mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka 13, akasema kwa upole, "Baba, mlisema yeyote. Nawe umechelewa. Basi vyombo vya leo ni vyako." Wadogo zake wakaangua kicheko. Baba akaghadhibika, akamwita mfidhuli, akamwamuru aoshe yeye. Na mama, ambaye moyoni alijua kwamba neno lile ni la haki, akanyamaza. Kijana akaosha. Tangu siku ile, kwa majuma mengi, hakusema neno mezani ila "ndiyo" na "hapana".

Kimya hicho kilituuma kuliko maneno yake. Ndipo tukaanza kusoma na kuulizana, na kuwatazama watoto wetu upya.

Tulianza na mdogo wao, wa miaka 5. Asubuhi moja mama alimimina uji sawasawa katika vikombe viwili. Kimoja kikawa chavuja, naye akauhamisha uji wake katika bilauri nyembamba, ndefu. Mara yule mdogo akalia kwamba mwenzake amepewa mwingi zaidi. Jean Piaget, mwana wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na kufa mwaka 1980, aliwauliza watoto wengi maswali ya namna hii, akaona ya kuwa mtoto mdogo hufuata kile kilichomvuta macho, yaani kimo, na yapata miaka 7 ndipo aanzapo kusema, "Hukuongeza wala hukupunguza, basi ni ule ule." Neno hilo "basi" si dogo. Ndani yake mna hoja nzima.

Lakini wako waliomjibu Piaget, na majibu yao yatufaa sana sisi walimu. Margaret Donaldson wa Edinburgh, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliwaza hivi: mtu mzima akiuliza swali, kisha akabadili vitu kwa makusudi mbele ya mtoto, kisha akauliza swali lile lile mara ya pili, mtoto hudhani jibu lake la kwanza halikupendeza. Yeye na James McGarrigle walikuwa wamejaribu kwa mwanasesere mwenye sura ya dubu, ambaye alitoka mafichoni kama mtundu akavuruga safu za vitu. Safu zilipovurugwa na dubu, si na mwalimu, watoto wengi zaidi walijibu sawa. Tuliposoma hayo tulitazamana. Ni mara ngapi darasani tumeuliza, tukapata jibu la kweli, tukakunja uso na kuuliza tena, na mtoto akaliacha jibu lake jema ili atupendeze! Hata hivyo Piaget hatumtupi. Mtoto wetu hakuulizwa mara mbili habari za uji. Hakuulizwa hata mara moja. Jicho lake ndilo lililomdanganya.

Jambo jingine lilitufurahisha. Mwaka 1988 Dias na Harris walieleza jinsi walivyowapa watoto wa miaka 4 hata 6 maneno yasiyo ya kweli: paka wote hubweka, Rex ni paka, je, Rex hubweka? Wakiulizwa kwa sauti ya kawaida, wengi hukataa, kwa maana wamjua paka. Lakini wakiambiwa kwanza kwamba ni mchezo wa kujifanya, hukubali na kufuata hoja hata mwisho wake. Mbona bibi zetu walilijua hili siku zote? Asemapo "Hapo zamani za kale", mtoto huweka kando ya leo, akamkubali sungura asemaye na fisi aliyevaa kanzu, na ole wake bibi akisahau jana alisema nini! Kumbe "ikiwa" ya kwanza ya mtoto hukaa hadithini.

Tukarudi kwa yule mkubwa. Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder waliandika mwaka 1955 habari za vijana, na jaribio lao moja ni la kitu kilichofungwa kwa uzi kikaning'inizwa kibembee. Ni nini kifanyacho kibembee upesi au polepole: uzito wake, urefu wa uzi, au nguvu ya kukisukuma? Mtoto hubadili mambo mawili matatu pamoja, akavurugikiwa. Kijana hubadili moja, mengine akayaacha vilevile, hata aone ya kuwa ni urefu wa uzi. Na mwana wetu alifanya nini mezani? Aliweka kando umri, na ndevu, na cheo cha baba, akaacha kuchelewa peke yake.

Wala si kila mtu mzima awezaye hivyo kila mahali. Mwaka 1966 Peter Wason, Mwingereza, aliwatolea watu wazima fumbo la karata nne: ikiwa upande mmoja ni irabu, upande wa pili ni namba ya shufwa, wageuze zipi ili kuipima kanuni hiyo? Wengi walikosa. Lakini Griggs na Cox, mwaka 1982, waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani fumbo lenye umbo lile lile, ila kanuni ilikuwa hii: ikiwa mtu anakunywa bia, sharti awe amepita miaka 19. Hapo wengi walipata. Akili huona upesi penye kanuni ya mwenendo na mtu anayeweza kuivunja. Nasi kanuni ya namna hiyo tulikuwa tumeiweka juu ya meza yetu wenyewe.

Jioni moja baba alimwambia kijana, mbele ya wadogo zake wote, "Siku ile ulisema kweli, nami nilikuonea." Kisha akakunja mikono ya shati, akaosha vyombo, hata sufuria iliyoungua. Kijana hakujibu. Baadaye akaja na kitambaa, akaanza kufuta sahani. Akafuta ya tatu, ya nne, ndipo akauliza, "Baba, ikiwa mgeni amechelewa, naye ataosha?"

Mpaka leo hatujampa jibu.