Hongera Huku, Pole Kule, na Tumbo Linauma

Reading, Uingereza, mwili wangu mpya hupokewa kwa hongera. Nachingwea, kusini mwa Tanzania, hupokewa kwa pole. Muuguzi wa huku hunipandisha kwenye mizani, akasoma namba na kutabasamu, kwani sukari imeshuka na presha imetulia. Kule mashangazi huitana pembeni wakaulizana naumwa nini hata nikakonda hivi, maana kwetu anayetoka Ulaya hutarajiwa kurudi na mwili. Nyumba zote mbili zinatazama uzito. Tumbo linalouma hakuna anayeliona.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunga na utumbo mwembamba ili chakula kipite njia ya mkato. Mshono ulipona, uzito ukashuka, maumivu yakabaki. Huja chini ya mbavu baada ya kula, yakanibana, kisha yakaachia. Siujutii upasuaji ule, lakini sikubali kuambiwa kwamba haya ni mawazo tu.

Maumivu ya namna hii yana sababu zinazojulikana. Mtu akipungua haraka, vijiwe vinaweza kujijenga kwenye mfuko wa nyongo. Pale kifuko kilipoungwa na utumbo panaweza kutokea kidonda, hasa kwa mvuta sigara au anayemeza diklofenaki na ibuprofeni. Ninaloliogopa zaidi ni utumbo kujipenyeza ndani kwa ndani. Kuuhamisha utumbo huacha mianya katika utando unaoushikilia. Hata kama daktari aliishona, mafuta ya utando yakipungua mwanya unaweza kufunguka; utumbo ukaingia, ukatoka, na siku moja ukanasa na kujisokota. Hali hiyo yaweza kutokea miaka kadhaa baada ya upasuaji, na picha iliyopigwa utumbo ukiwa umerudi mahali pake huenda isionyeshe kitu. Kwa hiyo mwenye maumivu ya kuja na kuondoka anastahili kuonwa na daktari wa upasuaji hata kama majibu ya picha ni safi. Wakati mwingine jibu hupatikana kwa kuingiza kamera tumboni tu.

Wengi wetu ughaibuni tunauficha upasuaji huu. Tunasema ni mazoezi, ni mboga za majani. Nilipokwenda Ruangwa, jirani na Nachingwea, mama mdogo aliniona nimejikunja baada ya chakula akasema, "Hilo chango, mwanangu," akainuka kwenda kuchemsha mizizi. Nikamwomba akae, nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda, akauliza kama walionikata walinieleza vizuri. Tangu siku hiyo ming'oko yangu, ile mizizi ya porini tunayoila kusini, huwekwa kwenye kisahani, vipande vidogo vidogo, wala hakuna anayenihimiza nimalize. Nikila taratibu ananisubiri. Reading nina wataalamu na vipimo, lakini chakula nakila peke yangu, na maumivu nayo nayamaliza peke yangu.

Upendo huo hautoshi usiku ambao maumivu hayaachii. Kwetu ukiingia duka la dawa ukasema unaumwa, diklofenaki haiko mbali, na anayekuuzia hawezi kujua tumbo lako limeungwa upya usipomwambia. Upasuaji huu bado ni mgeni kwa wengi nchini, ingawa Mloganzila, Dar es Salaam, huduma za kupunguza uzito zipo. Kusini tuna hospitali ya wilaya pale Nachingwea, na ya wamisionari Wabenediktini kule Ndanda, ambayo kutoka Ruangwa unaifikia kwa kupita Nanganga. Uingereza nako mwongozo unataka kliniki ya upasuaji imfuatilie mgonjwa angalau miaka 2, kisha anarudishwa kwa daktari wake wa kawaida. Baada ya hapo mlinzi wa kwanza wa tumbo lako ni wewe.

Kwa hiyo ndugu yangu unayepanda ndege na tumbo kama langu, beba barua inayotaja aina ya upasuaji na tarehe yake. Andika kwenye daftari maumivu yalikuja lini na ulikuwa umekula nini. Vitamini usiache. Maumivu makali yasiyoachia, au kutapika mfululizo, usiyasubirishe hadi asubuhi. Na ukifika hospitali, iwe Ndanda au Reading, neno lako la kwanza kwa daktari liwe kwamba ulifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito.