Pembe ya Ndovu Mjini Paris

Wakati wa likizo iliyopita, kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, mimi na binti yangu wa miaka 12 tulimzuru wifi yangu aishiye Paris, nchini Ufaransa. Usiku mmoja baada ya chakula, wifi alituambia, "Kesho nitawapeleka makumbusho ya Cluny, mkaone vitu vya karne za kati." Binti yangu aliposikia kwamba mna masanamu na picha za Kikristo, alininong'oneza, "Mama, yafaa sisi kuingia?"

Swali lile lilinikaa moyoni. Asubuhi nilimjibu kwamba kutazama si kuabudu. Qur'ani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi tuzingatie habari za waliotutangulia. Nabii Isa, alayhi ssalaam, tunamwamini kuwa ni Mtume wa Mungu na hatumchori. Wenzetu wana yao. Mwenye kuijua itikadi yake hatikiswi na jiwe lililochongwa.

Jumba lenyewe ni kisa. Upande mmoja ni hamamu ya Warumi wa kale, na chumba chake cha maji baridi kingali na dari la mawe lenye kimo kiasi cha mita 14. Kando yake maabate wa Cluny walijenga makao yao mwishoni mwa karne ya 15. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1844. Watu wengi huenda kuona mazulia sita ya ukutani ya sufi na hariri, yaliyofumwa yapata mwaka 1500. Yanamwonyesha bibi mtukufu pamoja na simba na mnyama wa hadithi, mfano wa farasi mwenye pembe moja. Matano kati yake yanaeleza hisi za binadamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Binti yangu alikaa kitako akahesabu sungura waliofumwa kati ya maua, hofu yake imekwisha.

Lakini kilichonisimamisha mimi ni kibao kidogo cha pembe ya ndovu, cha miaka ya 982 na 983. Kimechongwa kwa mtindo wa Byzantium, na kinamwonyesha Isa akiwavisha taji Kaisari Otto wa Pili na mkewe, Theophano. Bibi huyu alitoka Constantinople, mji uitwao leo Istanbul, akaolewa mjini Roma mwaka 972. Mumewe alipofariki mwaka 983, mwana wao alikuwa na umri wa miaka 3 tu. Mjane huyo, mgeni katika nchi ya watu, aliishika dola kwa niaba ya mwanawe mpaka alipofariki mwaka 991. Mama zangu na dada zangu, ni nani kati yetu asiyemjua mjane aliyesimama hivyo, japo hakuvishwa taji?

"Na ndovu huyu alitoka wapi?" binti aliuliza. Hapo nilimweleza habari za kwetu. Katika karne hiyohiyo ya 10, msafiri Al-Masudi aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii, zilisafirishwa hadi Oman, na kutoka huko zikapelekwa Bara Hindi na China. Mafundi wa Byzantium nao walichonga pembe za ndovu wa Afrika. Kibao kile hakikuandikwa ndovu wake aliuawa wapi, lakini pembe zilizotoka katika bara letu zilivuka bahari nyingi kabla ya kufika mikononi mwa fundi. "Maskini ndovu," alisema mtoto, nami sikuwa na la kuongeza.

Nikamkumbusha kwamba hata Byzantium si ngeni kwetu. Ndiyo Rum iliyotajwa katika Qur'ani, na sura nzima ina jina hilo. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alimpelekea barua mfalme wake, Heraclius. Na Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate, ambao nakala yake ni ya mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali kwa ajili ya mfalme huyohuyo.

Binti yangu alinitazama kwa mshangao. "Mama, mbona hukuniambia haya nyumbani?"

Sikuwa na jibu. Katika makumbusho ya Lamu imo siwa ya Pate, imetengenezwa kwa pembe ya ndovu, ndefu kuliko mtu mzima. Ilipulizwa katika sherehe za wakubwa wa Pate. Mimi niliiona nikiwa msichana; mwanangu hajaiona hata siku moja. Nimempandisha ndege kwenda kutazama pembe ya wenyewe, na ya kwetu, iliyo karibu, sijamwonyesha.

Tulitoka tukaenda kuswali Adhuhuri katika Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, ambao hauko mbali na Cluny. Hapo niliweka nia kwamba likizo ijayo, inshallah, safari yetu itakuwa ya Lamu.

Mwenye kujaaliwa kufika Paris, ajue kwamba Cluny hufungwa Jumatatu na watoto hawalipi kiingilio. Na asiyejaaliwa asisikitike. Awashike wanawe mkono awaonyeshe kilicho karibu, kabla hawajatuuliza mbona tulinyamaza.