Akiba Iliyooza

Wahenga husema kwamba akiba haiozi. Wapenzi wasomaji, sisi tumejifunza katika nyumba yetu, hapa Katuba, ya kuwa iko akiba inayooza, nayo ni kitabu kilichofungiwa.

Tulipotoka seminari na kushika kazi ya ualimu, hatukuwa na mali ila sanduku moja la mbao lililojaa vitabu. Tulipooa, sanduku likaja pamoja nasi. Tuliliweka sakafuni, pembeni mwa chumba cha kulala, na ufunguo wake tukauvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Watoto walikatazwa hata kuliegemea. Twakiri kweli: fahari ya kuwa na vitabu ilizidi furaha ya kuvisoma. Mgeni akifika, alionyeshwa sanduku. Vitabu vyenyewe hakuviona.

Mwaka jana, mwezi wa pili, mvua zilipokuwa nyingi, binti yetu wa kwanza alipewa kazi na mwalimu wake: aandike majina ya wazee wake hadi kizazi cha tatu. Akatujia, akasema: “Baba, naomba daftari la babu.” Marehemu baba yetu alikuwa katekista, na katika daftari hilo aliandika kwa mkono wake kuzaliwa, ubatizo, ndoa na vifo vya watu wa ukoo wetu. Tukamjibu: “Ngoja Jumapili.” Jumapili tatu zikapita.

Tulipofungua sanduku, mchwa walikuwa wamekwisha kupanda kutoka sakafuni. Vitabu vya chini vilikuwa udongo mwekundu. Katika daftari la baba yetu zilisalia karatasi tatu tu. Binti yetu alizitazama, akasema kwa upole: “Baba, kama ningalilisoma, leo ningaliyakumbuka majina.” Hatukuwa na la kumjibu.

Mchwa hupenda giza, unyevu na utulivu, nasi tulikuwa tumewaandalia vyote vitatu. Basi tulimwita seremala jirani yetu, akatutengenezea rafu. Tuliisimamisha juu ya matofali, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ili hewa ipite. Kila mwezi twaondoa vitabu vyote, twavifuta vumbi na kuchungulia nyuma yake.

Vitabu vilivyopona vilikuwa 126. Tuvipange kwa namna gani? Kwanza tulitaka kufuata mpango wa maktaba ya seminari, ule wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Huugawa elimu yote katika mafungu 10: dini ni 200, fasihi ni 800, historia ni 900. Ni mpango wa busara kwa maktaba kubwa. Lakini mama wa watoto alipotuona tukibandika namba, aliuliza: “Baba, mtoto akitaka hadithi, aanze kwa kujifunza namba?” Tukacheka, tukaacha.

Sasa twapanga kwa kumfuata msomaji. Rafu ya chini, mahali mkono wa mtoto unapofika, ni ya hadithi na vitabu vya picha. Ya pili ni ya vitabu vya shule: hesabu, Kifaransa na kamusi. Ya tatu ni ya Biblia, Misale na maisha ya watakatifu. Ya juu ni ya watu wazima, hasa vitabu vya nchi yetu.

Huko juu kipo kitabu cha Padri Placide Tempels, La philosophie bantoue, kilichotolewa mjini humu mwaka 1945. Kipo pia Entre les eaux cha V. Y. Mudimbe, cha mwaka 1973, kinachosimulia habari za padri aliyejiunga na waasi. Mwaka 1975 kilipata tuzo kuu ya Kikatoliki ya fasihi. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alifariki Marekani mwaka 2025, lakini vitabu vyake mwenyewe alivitoa kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Msomi yule hakuona vema kuzikwa na mali yake.

Tena yuko André Yav. Mwaka 1965 aliandika kijitabu juu ya historia ya mji wetu, kwa Kiswahili cha mji wetu, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kama nakala yake isingalihifadhiwa na kupewa wengine waisome, sauti ya watumishi wale ingalipotea kama daftari la baba yetu.

Pengine msomaji atauliza: vitabu vikiachwa wazi, je, havitaibwa? Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kando ya rafu tumetundika daftari kwa kamba: jina la msomaji, jina la kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Binti yetu ndiye mtunzaji, na sisi wenyewe tukichukua kitabu twaandika. Tangu Pasaka watoto wa jirani wameazima mara 41. Vitabu viwili havijarudi. Mchwa walikula zaidi.

Wakati wa likizo kuu tulimpeleka binti yetu kwa shangazi yetu mzee, kule Kamalondo. Alikaa miguuni pake siku mbili, akiandika. Shangazi alikumbuka majina 17. Mengine hayakupatikana, wala hayatapatikana. Daftari hilo jipya lipo katika rafu ya chini, bila ufunguo.

Wazazi wenzetu, kama mna sanduku la vitabu chini ya kitanda, lifungueni leo. Msingoje Jumapili.